Kura ya Mathiya na Mkeka wa Shimoni

Ukiiacha barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga pale Kanana na kushika njia ya baharini, unafika Shimoni, kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Wasini. Watalii huja kuyaona mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi. Kisha hupanda mashua kwenda kutazama pomboo na matumbawe ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Wenyeji wenyewe, Wavumba na Wadigo wengi wao, ni Waislamu tangu zama za mababu wa mababu zao. Wakristo ni wachache, na walio wengi walifuata kazi: uvuvi, ualimu, ofisi za serikali, hifadhi ya bahari, hoteli.

Jioni, samaki wakishauzwa na pesa zikishaingia kwenye simu, vijana huketi barazani kupanga mikeka ya kubeti. Arsenal ishinde, Chelsea itoke sare, timu fulani ya Uturuki ambayo hakuna aliyewahi kuiona ifunge zaidi ya mabao mawili. Dau ni shilingi ishirini, hamsini, mia. Miongoni mwao wamo Waislamu na wamo Wakristo. Mwislamu anayebeti anajua fika kwamba anavunja sheria ya dini yake, na hukumu hiyo haibadiliki akitoka msikiti mmoja kwenda mwingine. Mkristo akiuliza, jibu litategemea kanisa analosali Jumapili. Huku ataambiwa ni dhambi, kule ataambiwa inategemea, na kwingine atakuwa ametoka tu kununua tiketi mlangoni mwa kanisa, zawadi ya kwanza ikiwa mbuzi.

Tofauti hizo hazikuzuka juzi na simu. Zina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilishukia pwani hii hii.

Upande wa Kiislamu hauhitaji maelezo mengi. Qurani inaikemea maisiri, yaani kamari, pamoja na pombe katika Suratul Baqara aya ya 219, na tena katika Suratul Maida aya ya 90, ambako imewekwa fungu moja na ibada ya masanamu. Ukanda wa pwani, Shimoni ikiwamo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963, na makadhi walikuwa na mahakama zao muda wote huo. Kwa hiyo Mkristo aliyehamia hapa alikuta jirani ambaye suala hili kwake lilikwisha kufungwa.

Wakristo wa kwanza kukaa pwani hii kwa wingi walikuwa Wareno. Walianza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na watawa Waagostino wakafungua nyumba yao miaka michache baadaye. Askari na mabaharia nao walileta karata. Mzee anayecheza karata leo barazani Vanga au Gazi hutaja kopa, uru, pao na shupaza, kisha akala kwa turufu, na majina yote hayo yana asili ya Kireno. Waagostino waliondoka, karata zikabaki. Padri na mcheza kamari walishuka kutoka merikebu moja, wote wakijiita Wakristo, na mvutano kati yao ulikuwa mkongwe tayari walipotia nanga.

Biblia haina amri inayosema usicheze bahati nasibu. Ina kura, tena tele. Katika kitabu cha Yoshua nchi ya Kanaani inagawanywa kwa makabila kwa kura. Mabaharia wa Yona wanapiga kura kumtafuta mwenye kosa. Mithali inasema kwamba kura hutupwa na watu lakini uamuzi ni wa Bwana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, mitume wanaomba, kisha wanapiga kura kati ya watu wawili ili kuijaza nafasi ya Yuda, nayo inamwangukia Mathiya. Desturi hiyo haijafa: Novemba 2012, mjini Cairo, mtoto aliyefungwa macho alichukua karatasi madhabahuni, na jina lililotoka likamfanya Tawadros wa Pili kuwa Papa wa Wakopti.

Watetezi wa bahati nasibu huzishika aya hizo kwa mikono miwili. Lakini zitazame vizuri. Kanaani kila kabila lilitoka na shamba. Yusufu Barsaba, aliyesimama pamoja na Mathiya, hakuweka dau, na kura ilipompita hakupoteza hata senti. Kura ya Biblia ambayo watu wanaipiga ili wapate mali iliyotoka mikononi mwa mwingine ni ile ya Golgotha, pale askari wanapogombea vazi la mtu anayekufa mbele ya macho yao. Yohana anaisimulia bila kuongeza neno la lawama, na haikuhitaji.

Kanisa la karne za mwanzo lililiona jambo hilo mapema. Mtaguso wa Elvira, uliofanyika Hispania mwanzoni mwa karne ya 4, uliweka katika kanuni yake ya 79 kwamba Mkristo anayecheza dadu kwa fedha atengwe na ushirika mtakatifu, na kwamba akiacha anaweza kurudishwa baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, kadiri kanisa lilivyosogeleana na hazina za wafalme, ndivyo msimamo ulivyolegea. Bahati nasibu ya kwanza ya taifa la Uingereza, iliyoamriwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza ili kupata fedha za kutengeneza bandari, ilichezeshwa mwaka 1569 mlangoni mwa kanisa kuu la St Paul's, London. Mwaka 1612 bahati nasibu nyingine ilichangia koloni la Virginia. Hoja ilikuwa ile ile ambayo Wakenya wangekuja kuisikia karne nne baadaye: fedha zinakwenda kwenye jambo jema.

Anayetaka kujua jinsi upepo ulivyogeuka amtazame kijana mmoja tajiri wa London katika miaka ya mwanzo ya 1780. William Wilberforce alikuwa mbunge mpya, mwanachama wa klabu ya Goostree's, na karata zilichezwa humo hadi usiku wa manane. Usiku mmoja alishinda pauni 600, mali kubwa kwa wakati ule. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba baadhi ya waliopoteza hawakuwa na uwezo wa kulipa bila kuumia, na kwamba uchungu aliousikia kwa ajili yao ndio uliomkata hamu ya kamari. Wahubiri wengi husimulia habari za waliopoteza wakatubu. Huyu alikuwa ameshinda. Aliangalia upande wa pili wa meza, akaona pauni zake zimetoka wapi.

Wilberforce huyo ndiye aliyeongoza bungeni vita vya kupiga marufuku biashara ya watumwa ya Waingereza, sheria ikapita mwaka 1807. Ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waliozipinga bahati nasibu za serikali, na Bunge likazikomesha mwaka 1826. Na alikuwa mmoja wa waasisi wa Church Missionary Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1799, ambacho kilimtuma Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1875 chama hicho kikafungua Freretown, karibu na kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukisimama ndani ya pango la Shimoni, uzi unaotoka kwenye meza ya karata ya Goostree's unakufikia hapo.

Mkondo wa pili uliletwa na Wamethodisti. Mwaka 1862 Krapf aliwaongoza wamisionari wa United Methodist Free Churches hadi Ribe, na Thomas Wakefield akadumu huko kwa miaka mingi. Nyuma yao alisimama John Wesley, mtu aliyeijua kura kwa karibu kuliko wengi. Machi 1737, akiwa kijana mchungaji huko Savannah, Marekani, Wesley alishindwa kuamua kama amwoe binti aliyempenda. Yeye na rafiki yake waliomba, wakaandika vikaratasi vitatu: oa, usilifikirie mwaka huu, usilifikirie tena kamwe. Kikatoka cha tatu, akatii. Hakuona dhambi kuiachia kura jambo zito namna hiyo. Lakini katika mahubiri yake juu ya matumizi ya fedha, yaliyochapishwa mwaka 1760, Wesley huyo huyo aliihesabu kamari pamoja na njia za kupata mali kwa kumdhuru jirani, na akawakataza watu wake. Kwake kura ya kumwuliza Mungu na dau la kumnyang'anya mwenzako vilikuwa mambo mawili yasiyokaribiana.

Wamoravian walikwenda mbali zaidi. Kwa vizazi kadhaa kanisa lao lilitumia kura kuamua nani atumwe misheni na nani aoane na nani. Kura ya ndoa ilianza kuachwa mwaka 1818, na sinodi kuu ikaufuta utaratibu wote mwaka 1889. Miaka miwili baadaye, 1891, wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika. Wakristo wa Mbeya na Tukuyu walipokea kanisa lililokuwa limeiweka kura kando punde tu.

Shimoni inaingia katika habari hii kwa mlango wa kampuni. Imperial British East Africa Company ilipata hati yake ya kifalme Septemba 1888, na mwakilishi wake George Mackenzie alikuta Mombasa inatokota: wenye watumwa walikuwa wakiwadai watoro wao waliojificha kwenye misheni. Mackenzie aliwalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,000 walipata hati zao za uhuru, sherehe ikifanyika Rabai. Kampuni hiyo iliweka kituo Shimoni, na magofu ya jengo lake yangalipo. Kwa hiyo kanisa la kale la pwani lilijaa watu ambao thamani yao ilikuwa imehesabiwa kwa fedha mezani, wengine zaidi ya mara moja. Walimu wao waliwafundisha kwamba mali ya halali hutoka kwenye jasho. Watu hao hawakuhitaji kueleweshwa sana juu ya faida inayotokana na hasara ya mwingine.

Kwale yenyewe ilipata Wakristo wake polepole, tena kwa njia ya kibarua. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanzishwa katika miaka ya 1920 na kufungwa mwaka 1988, kiliwaleta Waluo, Waluhya, Wakamba na wengine kukata miwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua makazi ya Shimba Hills, na familia nyingi za Kikamba zikahamia. Wengi wa Wakamba hao walikuja na malezi ya Africa Inland Mission, iliyopita Mombasa mwaka 1895 kuelekea Ukambani. Kanisa lililozaliwa na misheni hiyo halikuwa na mzaha: pombe, tumbaku, ngoma na kamari vilikuwa nje ya uzio. Juu ya hayo ukaja uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole walisimama mbele ya watu wakataja dhambi zao moja moja, na aliyekuwa akicheza karata kwa pesa aliitaja hiyo pia na kurudisha alichoweza kurudisha.

Kurudisha ndiko hasa kunakostahili kukumbukwa. Mlokole hakutosheka na kusema "nimeacha". Alibisha hodi kwa mtu aliyemla pesa.

Kanisa Katoliki lilishika njia nyingine, na ni haki kuieleza kama lilivyoieleza lenyewe. Katekisimu ya mwaka 1992, kifungu cha 2413, inafundisha kwamba michezo ya kubahatisha na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kugeuka utumwa. Utumwa, katika mafundisho rasmi ya kanisa. Shimoni neno hilo halisomwi haraka haraka. Chini ya mwavuli huo parokia nyingi za Kenya zimejenga madarasa na nyumba za mapadri kwa tiketi za bahati nasibu: baiskeli, televisheni, ng'ombe, mara moja moja gari. Anayenunua tiketi ya shilingi mia kwa kawaida anajua anachangia paa la kanisa, na mbuzi ni nyongeza. Kuna tofauti ya kweli kati ya hilo na kamari ya kibiashara. Lakini mtoto wa Kipaimara anayetumwa kuuza tiketi hizo nyumba kwa nyumba anajifunza pia kwamba sadaka inahitaji chambo.

Serikali huru ilipoandika Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha mwaka 1966, ilisimama katikati. Iliunda bodi ya kutoa leseni na kuiacha bahati nasibu iendelee, mradi sehemu ya mapato iende kwenye hisani. Watu wazima wa leo wanavikumbuka vibanda vidogo vya Kenya Charity Sweepstake mijini, tiketi zikining'inia, mnunuzi akikwangua kwa ukucha au kwa sarafu. Hisani ilikuwa ndani ya jina lenyewe. Karani Mkristo aliyenunua tiketi akielekea nyumbani mwisho wa mwezi alijituliza kwamba hata akikosa, yupo mtu asiyejiweza atakayefaidi. Kusini mwa Likoni kamari nyingine iliishi ndani ya kasino za mahoteli ya Diani, mbali na mfuko wa mvuvi.

Umbali huo ndio uliovunjika. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilianza kazi nchini mwaka 2014, na wengine wakafuata kwa makumi. Kibanda hakikuhitajika tena, wala nauli ya kwenda mjini, wala aibu ya kuonekana ukinunua. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 miongoni mwa vijana wa nchi kadhaa za Afrika uliiweka Kenya juu: asilimia 76 ya waliohojiwa walisema wamewahi kucheza kamari au kubeti. Mei mwaka huo mtu mmoja alipatia mechi zote 17 na kushinda zaidi ya shilingi milioni 221, na picha yake ikaenea nchi nzima. Haikuenea hesabu ya upande wa pili. Mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zinaweza kupangwa kwa njia 129,140,163. Bahati nasibu ya kuchagua namba sita kati ya 49 ina mipangilio 13,983,816, na anayejaza mmoja kila siku angehitaji zaidi ya miaka 38,000 kuimaliza.

Serikali ilijaribu kodi kwanza. Kiwango cha asilimia 35 kilichoanza Januari 2018 kiliifanya bahati nasibu ya Pambazuka ifunge, kisha kikashushwa mwaka huo huo. Mwaka 2019 leseni za kampuni kadhaa hazikuhuishwa, SportPesa na Betin zikasitisha kazi, lakini SportPesa ikarejea mwaka uliofuata. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya udhibiti wa kamari iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Huko Uganda, Januari 2019, Rais Yoweri Museveni alikuwa tayari ameagiza kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni.

Mvuvi Mkristo wa Shimoni ana hoja yake, nayo inastahili kusikilizwa, maana si ya kipuuzi. Bahari yenyewe ni bahati, husema. Unatoka usiku na jarife, unachoma mafuta ya mashua, unarudi alfajiri na ndoo mbili au na mikono mitupu. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, siku zinapita bila kwenda baharini. Mtu aliyezoea kuishi hivyo anaona nini cha ajabu katika shilingi hamsini alizoziweka juu ya mechi?

Jibu liko kwenye ndoo. Samaki aliyeingia jarifeni hakutolewa mfukoni mwa mtu. Dalali akimnadi, mnunuzi anaondoka na kitoweo, mvuvi anaondoka na pesa, na wote wawili wamepata. Shilingi milioni 221 za mwaka 2017 hazikuvuliwa popote. Zilikusanywa mia mia kutoka kwa watu ambao hakuna gazeti lililowapiga picha, na kati yao walikuwamo waliobeti karo na waliobeti kodi ya nyumba; na Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, ilipokuja mwaka 2019, wakaongezeka waliobeti mkopo. Kusi linapofunga bahari, mvuvi anayeweka dau anacheza na unga wa watoto. Hapo hata kipimo cha Katekisimu, kilicho kipole kuliko vyote, kimekwisha kuvukwa.

Kuna kura nyingine inayopigwa katika vijiji hivi, na inaonyesha tofauti vizuri kuliko mahubiri. Akina mama wa vikundi, Waislamu kwa Wakristo, huweka mchango wa upatu, wakakunja vikaratasi vyenye namba, wakavitia kwenye bakuli na kuokota. Namba moja anachukua mwezi huu, namba kumi na mbili anasubiri hadi mwisho. Aliyeokota namba mbaya hununa kidogo. Lakini mwaka ukiisha kila mmoja amepata kiasi kile kile alichotoa, na mara nyingi bati, mbegu ya mwani au karo ya kidato cha kwanza imepatikana humo. Hiyo ndiyo kura ya Kanaani, na hakuna mchungaji aliye na sababu ya kuikemea.

Linabaki swali la kikapu. Mshindi akileta zaka, ipokewe? Mwishoni mwa mwaka 2002 tawi la Jeshi la Wokovu mjini Naples, Florida, lilirudisha dola 100,000 kwa mtu aliyezitoa kutoka ushindi wake wa bahati nasibu, kwa sababu linawahudumia watu waliofilisiwa na kamari na halikuona namna ya kuwatazama usoni. Wengine waliliona kuwa na ukali wa bure, kwa kuwa fedha zile zingewalisha wenye njaa. Lakini mantiki yake ni ile ya Wilberforce: liliuliza fedha zimetoka kwa nani. Wala haifai kusema kwamba makanisa ya Kenya hayana uwezo wa kukataa fedha. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kwamba linarudisha mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na wanasiasa katika kanisa la Soweto, ya Rais yakiwamo. Waliofanya hivyo kwa siasa wanaweza kufanya hivyo kwa kamari.

Kwa hiyo je, bahati nasibu inapatana na imani ya Kikristo? Historia hii haimpi Mkristo ruhusa ya kuilaani kura. Mitume waliipiga, na Wesley aliitii. Lakini biashara inayolipa mmoja kwa kuwatoza maelfu walio maskini kuliko mwenye kampuni haipatani nayo, hata ikibandikwa jina la hisani. Katika hili imamu wa Shimoni na Wamethodisti wa Ribe wanasimama upande mmoja, na makanisa mengine ya Kwale yangefanya vyema kusogea hapo.

Yapo ya kufanya mara moja. Parokia zinazouza tiketi zijaribu mnada wa mazao au harambee ya wazi, ambayo kila Mkenya anaijua. Wachungaji wawape waumini wanaobeti nafasi ya kusema bila kuaibishwa, kama walokole walivyofanya, na wawasaidie kulipa madeni. Na wazee wa makanisa waende pamoja na maimamu kwenye bunge la kaunti mjini Kwale. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyapa magatuzi jukumu katika kudhibiti kamari na kasino, na maoni ya wananchi ni haki yao kuyatoa kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa.